Akidi Haikutimia

Jumapili, 1 Machi. Mvua: hakuna, mawingu tu.

Bwana shamba Emanueli amenipa daftari hili niandike mvua ya masika yote: imenyesha au haikunyesha, ndogo au kubwa. Amenichagua mimi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. "Mstari mmoja kwa siku unatosha, mama," amesema. Emanueli bado hanijui.

Kwanza nijieleze, ili daftari likipotea aliyeliokota ajue ni la nani. Mimi ni Magreti, mama Imani, wa kitongoji cha Ng'ambo, huku Masanze. Tunaitwa Ng'ambo kwa sababu mto unatutenga na wenzetu. Nyumba zetu na mashine ya kusaga viko upande huu. Barabara, zahanati, shule na bonde la mpunga viko upande ule. Tunavuka kwa kivuko cha magogo mawili yaliyofungwa kwa waya, na waya wenyewe umeshika kutu. Mwaka huu nimelima ekari mbili za mpunga, ndicho chakula chetu mpaka masika mengine. Mpunga ukianza kubeba, lazima mtu awe shambani tangu alfajiri kufukuza ndege. Kwa hiyo kivuko kikienda, mpunga wangu nao umekwenda. Hilo kila mtu hapa analijua, isipokuwa mwenyekiti wetu wa kitongoji.

Mwenyekiti anaitwa Yared. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu enzi za mababu. Akinikuta njiani ana haki ya kuniita mwizi wa kuku, nami nina haki ya kumwambia sura yake inafukuza wageni, na hakuna wa kukasirika. Mwaka juzi, kwenye kikao cha kutafuta jina la mwenyekiti, watu walikuwa wanatazamana tu. Hakuna aliyeitaka kazi. Nikasimama nikasema, "Mpeni Yared! Kila msiba yupo, kila harusi yupo, bora basi atembee na mhuri!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akaenda kuchukua fomu kweli. Mwingine hakuchukua. Siku ya kura nilitumbukiza karatasi yangu huku nacheka. Sasa ni mwaka wa pili na sicheki tena.

Jumanne, 3 Machi. Mvua: ndogo.

Palizi. Mgongo.

Alhamisi, 5 Machi. Mvua: hakuna.

Yared amepuliza filimbi ya mkutano saa tisa. Sikwenda, nina kunde za kupura.

Jumatatu, 9 Machi. Mvua: kubwa, asubuhi.

Bibiana jirani yangu ameteleza kwenye kivuko na ndoo ya nyanya. Yeye tumemdaka, nyanya hatukuzidaka. Zilikwenda na maji moja nyuma ya nyingine kama watoto wa shule, na Bibiana akasimama ukingoni akiziaga kwa matusi, yote ya kumwendea mwenyekiti. Bibiana ni mjane, amelea watoto watano kwa nyanya hizo hizo, na akikasirika anakuwa na sauti ya padri. "Tuna mwenyekiti au tuna mchekeshaji?" aliuliza. Wote tuliokuwa pale tukasema mchekeshaji. Nilisema kwa sauti kuliko wengine, labda kwa sababu ni mimi niliyemleta.

Alhamisi, 12 Machi. Mvua: kubwa.

Filimbi, saa tisa. Sikwenda. Nani anaitisha mkutano saa tisa mwezi wa Ramadhani? Nusu ya kitongoji wamefunga, na nusu nyingine wanasubiri kualikwa futari.

Jumamosi, 14 Machi. Mvua: ndogo.

Nimemkuta Yared mashineni, amevaa koti la mvua na kandambili. Nikamwambia, "Mwenyekiti, kivuko kinatuua." Akanijibu, "Mtani, nguzo ziko tayari Kilosa. Nikikosa watu themanini kabla ya Mei, zinakwenda kwa wenye akili zao." Nikamwambia wenye akili zao wasingekuchagua wewe. Watu wa mashineni wakacheka, naye akacheka, nikabeba unga wangu nikaja nyumbani. Nimemsimulia Thadeo mume wangu naye amecheka. Huyu mtu angekuwa anafanya kazi jinsi anavyotania, tungekuwa tunavuka kwa lami.

Jumanne, 17 Machi. Mvua: kubwa.

Mpunga umependeza. Nimesimama katikati yake nikasahau kilichonipeleka.

Alhamisi, 19 Machi. Mvua: kubwa.

Filimbi. Kwenye mvua hii? Sikwenda.

Jumamosi, 21 Machi. Mvua: hakuna. Mungu kawaonea huruma.

Idi. Tumeletewa pilau kutoka nyumba nne. Thadeo amekula ya nyumba zote nne ili asimuudhi mtu.

Alhamisi, 26 Machi. Mvua: ndogo, siku tatu zote.

Sikuandika tangu Jumatatu kwa sababu baba mdogo Elia amefariki, aliyenisomesha mpaka darasa la saba. Tumemzika jana.

Lazima niandike alichofanya Yared, japo simpendi mwezi huu. Mtani ndiye mwenye kazi msibani, na Yared alikuja tangu siku ya kwanza. Alivaa kofia ya marehemu na koti lake, akatembea kwa mwendo wa baba mdogo, akikohoa kikohozi chake kabla ya kila neno. Shangazi zangu waliokuwa hawajala siku mbili walicheka huku machozi yanatoka. Kaburi lilipokwisha chimbwa akashuka akajilaza humo. "Sitoki!" alisema. "Elia alinilia jogoo wangu mwaka wa njaa. Nilipwe jogoo ndipo nimwachie nyumba." Ikabidi kaka yangu akimbie kukamata jogoo. Yared akatoka na udongo mgongoni, jogoo kwapani, akamshika mama mdogo mkono mpaka mwisho wa mazishi bila kutania hata neno moja. Nilimpenda sana dakika ile.

Bibiana ameninong'oneza leo kwamba Jumanne Yared alikuwa na safari ya Kilosa, ofisini, kuhusu mambo ya kitongoji, na hakwenda. "Unaona? Misiba tu ndiyo anayoijua." Nikasema kweli, mzembe. Niliposema hivyo nilikuwa bado nimeshika sahani ya nyama ya msiba.

Alhamisi, 2 Aprili. Mvua: kubwa.

Filimbi. Sikwenda, uchovu wa msiba haujaisha.

Jumapili, 5 Aprili. Mvua: hakuna.

Pasaka. Nguo mpya sina, furaha ninayo.

Jumatano, 8 Aprili. Mvua: kubwa sana. Emanueli, hakuna neno kubwa kuliko hilo.

Kivuko kimekwenda. Tulisikia saa nne asubuhi, sauti kama gari limegonga ukuta. Tulipofika magogo hayapo, waya tu unaning'inia, na maji yana rangi ya chai ya maziwa. Hakuna aliyekuwa juu yake, namshukuru Mungu.

Lakini mpunga wangu umeanza kubeba wiki hii. Upande ule nawaona ndege wanashuka kundi zima, wanainuka, wanashuka tena, na mimi nimesimama huku nimeshika manati isiyofika. Nimelia. Siandiki kwa ajili ya bwana shamba sasa, naandika kwa ajili yangu. Nimelia mbele za watu.

Njia iliyobaki ni kuzunguka kwa daraja la juu, saa mbili na nusu kwenda, na kurudi hivyo hivyo. Thadeo alifunga redio yake kwenye kitambaa, akachukua sufuria, unga na blanketi, akaondoka. Atakaa kwenye kibanda cha shambani mpaka tuvune. Ana miaka sitini na moja.

Yared alikuja ukingoni. Bibiana akamwambia, "Sasa chekesha." Yeye akainama akaanza kuukunja ule waya.

Alhamisi, 9 Aprili. Mvua: ndogo.

Thadeo amefika salama. Saa kumi na mbili jioni alikuja ukingoni upande wake, akaita, "Mama Imaniii! Nimesahau chumviii!" Kitongoji kizima kimesikia. Chumvi nimeifunga kwenye mfuko na jiwe nikairusha. Mara ya tatu ikafika.

Jumatatu, 13 Aprili. Mvua: kubwa.

Siku tatu mimi na Bibiana tumepita nyumba kwa nyumba na karatasi ya kumkataa mwenyekiti. Yeye anaongea, mimi naandika. Jina la kwanza ni la Bibiana, la pili langu. Kila mlango tuliobisha walisaini kabla Bibiana hajamaliza kueleza. Wengine walituita tulipokuwa tumepitiliza. Mwenye mashine, Lupakisyo, aliuliza kama anaweza kusaini mara mbili. Tumepata watu mia moja thelathini na mmoja! Sijawahi kuona Ng'ambo imeungana hivi. Nimejisikia raha, ile raha ya kuwa upande wa haki.

Alhamisi, 16 Aprili. Mvua: sijui ya nyumbani. Mikumi hakuna.

Nimekuja Mikumi kwa Imani binti yangu kuchukua nyavu kuukuu za kuzuia ndege. Imani anapika kando ya barabara kuu, wateja wake ni madereva wa malori. Nimekaa kwenye benchi la nyuma namenya vitunguu, nawasikiliza. Saa nzima ni viongozi tu: huyu hafai, yule hafai, wote hawafai. Walipoondoka Imani akaniambia, "Mama, hiyo ndiyo mboga yao ya kila siku. Ukiwauliza walipiga kura wapi, huyu alikuwa Tunduma, yule alikuwa amelala."

Nikamweleza karatasi yetu ya Ng'ambo, watu mia moja thelathini na mmoja. Nilidhani atafurahi. Akageuza chapati, akaniuliza, "Na huyo Yared nani alimpendekeza?"

"Ulikuwa utani," nikasema.

"Na mhuri nao ni wa utani?"

Huyu mtoto nilimzaa mwenyewe kwa uchungu wa siku mbili.

Nilipompigia Bibiana amesema leo filimbi imelia tena. Hata yeye hakwenda, alikuwa anainakili upya ile karatasi kwa mwandiko mzuri.

Jumatatu, 20 Aprili. Mvua: ndogo asubuhi, baadaye jua.

Nitaandika pole pole kwa sababu nina aibu.

Nimeipeleka karatasi kwa mtendaji wa kijiji. Nilimpitishia Thadeo nyavu, nikaendelea mpaka ofisini. Bibiana hakuja, mguu umevimba. Mtendaji ni binti mdogo anaitwa Natalia, ana mwaka mmoja tu hapa. Akanisalimia, "Shikamoo mama," nikaitikia marahaba kwa ubaridi, maana nilikuja kwa vita. Akaisoma karatasi yote, majina yote. Kisha akasema, "Mama, haya majina ni mengi sana. Mmeyapataje?"

"Tumetembea."

Akafungua kabati, akatoa daftari la mahudhurio ya mikutano ya Ng'ambo, akaliweka mbele yangu. Mwandiko ni wa Yared, mkubwa, unapanda mlima. Tarehe 5 Machi, ajenda kivuko, waliohudhuria kumi na wanne, akidi haikutimia, mkutano umeahirishwa. Chini, mhuri. Tarehe 12, kumi na mmoja, akidi haikutimia. Tarehe 19, sita. Tarehe 2 Aprili, tisa. Tarehe 16, kumi na saba. Kila ukurasa, akidi haikutimia, mkutano umeahirishwa, na mhuri umegongwa sawasawa, umenyooka. Mtu aliyeugonga hakuwa anacheza.

Natalia akanieleza. Nguzo za chuma, mbao na saruji zimetengwa kwa vitongoji viwili, na vinavyoomba ni vitatu. Kinachotakiwa kwetu ni muhtasari wa mkutano wa wananchi wenye akidi, kwamba tunakihitaji kivuko na tutatoa nguvu kazi ya mawe na mchanga. Akidi yetu ni watu themanini. Mwisho ni tarehe 30 Aprili. "Mwenyekiti amekuja hapa mara tano kuniuliza kama hao waliohudhuria hawatoshi," alisema. "Nikamwambia mimi sina uwezo huo."

Watu themanini kabla ya Mei. Aliniambia mashineni mbele ya watu, nami nikacheka nikabeba unga.

Nimerudi njia nzima bila kuona njia. Nilipofika nimefungua daftari hili la Emanueli. Tarehe 5 Machi, kunde. Tarehe 12, futari, na mimi sifungi. Tarehe 19, mvua. Tarehe 2, uchovu. Tarehe 16, Mikumi, hiyo peke yake ndiyo sababu ya mtu mzima. Yared ana daftari lake na mimi nina langu, na yanaelezana tarehe kwa tarehe. Nilipewa hili niandike mvua, nikajiandika mwenyewe.

Jumanne, 21 Aprili. Mvua: hakuna.

Nimekwenda kwa Yared. Alikuwa anasuka kamba.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mashineni."

"Ulikuwa unatania!"

"Mtani, mimi nina sauti moja tu. Ya utani ndiyo hiyo hiyo ya ukweli. Mlinichagua nayo."

Nikamwambia makosa yake, maana anayo, siyafuti kwa sababu ya aibu yangu. Saa tisa, kila siku saa tisa, kwa sababu baba yake alikuwa anaitisha vikao saa tisa. Filimbi bila kusema ni ya nini. Na miguu anayo: mimi na Bibiana tumepata watu mia na zaidi kwa siku tatu, yeye ameshindwa nini kubisha hodi? "Nikibisha hodi wananipa kiti na chai," akasema, "wananiomba nichekeshe, jua linazama." Na siku ile ya safari ya Kilosa? "Elia alikuwa amelala ndani," alisema. "Ningekwenda, ungeniitaje leo?" Ningemwita mtu asiye na utu. Ningemwita hivyo mpaka nife.

Nikasema basi nipite nyumba zote niwaambie watu waje kwa ajili ya kivuko. Akaacha kamba.

"Usimwambie mtu! Wakisikia kivuko, watakuwa na kunde. Wakisikia Yared anang'olewa, hata wagonjwa watabebwa. Mtendaji ameshaniandikia, mkutano ni tarehe 28. Filimbi nitaipuliza mwenyewe."

"Wakikung'oa kweli?"

"Si watakuwa wamevuka?" Akarudi kwenye kamba yake, akaongeza kwamba hata hivyo mimi bado ni mwizi wa kuku.

Ijumaa, 24 Aprili. Mvua: kubwa.

Ni kazi ngumu sana kunyamaza. Bibiana ameniletea nyanya na mipango ya nani atasema nini. Nimemega mkate naye huku nimemficha. Jioni Thadeo aliita ng'ambo, "Kuna jipyaaa?" Nikajibu, "Hakunaaa!" Siri haipigiwi kelele mtoni. Ndege wanamsumbua, lakini nyavu zimesaidia.

Jumanne, 28 Aprili. Mvua: nitaieleza.

Filimbi ililia saa nne asubuhi, si saa tisa. Yared aliipuliza kutoka mwisho wa kitongoji mpaka mwisho, kama siku ya harusi yake. Watu wakatoka! Walikuja na vigoda, na mikeka, na watoto mgongoni. Bibi mmoja asiyetoka nje tangu Krismasi aliletwa kwenye baiskeli. Uwanja wa mashine ukajaa mpaka Lupakisyo akazima injini. Natalia alivuka kwa kuzunguka, matope mpaka magotini, akakaa mezani akahesabu. Watu mia moja na arobaini na wawili.

Akasema, "Akidi imetimia." Nadhani hakuna aliyejua uzito wa maneno hayo ila watu watatu.

Nikasimama kabla Bibiana hajasimama. Nikasema, "Mama mtendaji, kabla hatujamng'oa huyu, tupitishe kwanza kivuko, maana kikao kipo na watu wapo. Tukishasaini, tumng'oe kwa raha zetu." Watu wakasema ni sawa, haraka haraka, ili tufike kwenye utamu. Natalia akasoma ombi, mikono ikanyooka, karatasi ya sahihi ikazunguka. Ilichukua karibu saa nzima. Nilikuwa naitazama karatasi ile inavyotoka mkono hadi mkono. Iliporudi mezani Natalia akaitia ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mkoba, akaukalia.

Ndipo Bibiana akasimama. Alisema vizuri. Alisema nyanya, alisema magogo, alisema mume wa mtu analala shambani kama mlinzi. Watu wakapiga makofi. Kisha mtu wa nyuma akauliza, "Kwani huyu alipendekezwa na nani?"

"Na mimi," nikasema.

Wakacheka. Nikasema ngojeni. Nikafungua daftari hili la mvua nikawasomea: tarehe 5 Machi, filimbi, sikwenda, nina kunde. Wakacheka. Tarehe 12, filimbi, sikwenda. Tarehe 19, sikwenda. Kufika tarehe 2 Aprili walikuwa hawacheki. Nikamwomba Natalia asome lake, naye akasoma: kumi na wanne, kumi na mmoja, sita, tisa, kumi na saba. Nikasema, "Nilimpa mtu kazi kwa utani, kisha sikumsikiliza kwa sababu ni mtani. Yeye ana makosa, yeye na saa tisa yake. Lakini kivuko kilingoja mikutano mitano, na mimi sikuhudhuria hata mmoja. Mng'oeni mkitaka. Mimi jina langu nalifuta."

Bibiana alinitazama. "Umenizunguka," alisema, polepole, na iliniuma kwa sababu ni kweli.

Wakati huo ndipo mvua ikaja. Emanueli, mvua: kubwa, saa saba kasoro, kutoka mlimani, bila hata ngurumo ya kubisha hodi. Watu zaidi ya mia moja walitawanyika ndani ya dakika moja, mikeka kichwani, bibi kwenye baiskeli akiwa wa mbele kuliko wote. Natalia akasogea chini ya bati la mashine na mkoba wake, akahesabu waliobaki. Tulikuwa ishirini na sita. Akasema, kwa uso mkavu kabisa, kwamba kwa ajenda ya pili akidi haikutimia na mkutano umeahirishwa.

Yared akagonga mhuri.

Bibiana hakukimbia. Alikuwa bado amekaa kwenye kigoda chake katikati ya uwanja, kwenye mvua, mikono mapajani. Nikaenda nikakaa matopeni kando yake. Tulinyeshewa pamoja muda mrefu. Mwisho akasema, "Mikutano yake yote nitakuja. Yote. Akikosea herufi moja nitamla." Nikamwambia hilo ndilo alilokosa.

Alhamisi, 30 Aprili. Mvua: ndogo.

Natalia amepiga simu. Muhtasari umefika Kilosa, umepokelewa. Nimekimbia mtoni nikapiga kelele, "Umepokelewaaa!" Thadeo hakujua nini kimepokelewa lakini alicheza.

Alhamisi, 14 Mei. Mvua: hakuna.

Lori lilifika juzi upande ule na nguzo. Kumetakiwa watu wa mawe na mchanga. Siku ya kwanza watu sabini, ya pili arobaini. Bibiana anaandika majina.

Jumamosi, 6 Juni. Mvua: hakuna. Masika yameisha, Emanueli.

Leo nimevuka. Mbao zinanukia upya, hazitikisiki, na kuna kamba ya kushika. Mpunga umeshavunwa, ndege wamekula labda gunia mbili, zilizobaki zinatutosha mpaka mwakani. Thadeo amevuka na redio kichwani kama mtu aliyerudi kutoka ughaibuni, ndevu mpaka kifuani, na nimemwogesha kwa maji ya moto. Yared alisimama mwanzo wa kivuko akidai kila anayepita alipe jogoo. Watu wamecheka. Hata Bibiana alicheka kidogo, akajifanya anakohoa.

Alhamisi, 11 Juni. Mvua: hakuna.

Mpunga umejaa uani wote, hata pa kukanyaga hapana, na kuku wa jirani wameshajua. Nina furaha ya kipumbavu, nauzunguka nikiushika shika. Kazi ya kupepeta ni ya siku nne.

Filimbi imelia sasa hivi, saa nne. Ajenda ni choo cha shule.

Sikwenda, nina mpu

Nimeukata mstari huo. Bibiana anapita njiani na kigoda chake, ananiita kwa sauti ya padri. Thadeo atafukuza kuku. Nakwenda.